Wasomaji Wauliza: Mcheza Ngoma Aliyekosa Jukwaa

Katika toleo lililopita tuligusia, kwa aya mbili tu, filamu ya Kitelugu iitwayo Sagara Sangamam, ambayo K. Viswanath aliiongoza na ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1983, tukaieleza kuwa ni hadithi ya muziki, mapenzi na kiu ya kupata jina. Hatukutarajia kwamba aya mbili zingeleta barua nyingi kiasi hiki. Tumechagua sita, tumezifupisha pale zilipozunguka, na kama ilivyo desturi ya ukurasa huu, majina ya walioziandika tumeyaacha kando.

*

"Mzee wa safu, shikamoo. Filamu mliyoisifu niliitazama hapa Arua katika kibanda cha video, ikitafsiriwa na VJ, yule msimulizi anayesema juu ya sauti ya filamu, kwa Kiluganda ambacho mimi nakisikia nusu nusu. Kusema kweli sikuona cha kusifiwa. Kijana anacheza ngoma, mara yuko na msichana wa kitajiri, mara amekuwa mzee mlevi anayekohoa, mara amekufa. Katikati hapana kitu. Je, mimi na ninyi tulitazama filamu moja?"
Msomaji, Arua

Marahaba, ndugu yangu. Tulitazama filamu moja, ila wewe uliletewa mifupa na nyama ikabaki jikoni. Nikuulize jambo moja: nyimbo ulizisikia? Naweka dau kwamba VJ aliziruka, na simlaumu kupita kiasi. Kazi yake ni kusema, na wimbo ni mahali ambapo hana la kusema. Tena wateja waliotoa shilingi zao ili waone ngumi huanza kupiga miluzi mara tu mtu anapofunga njuga miguuni. Katika filamu nyingi za mapigano hasara ya kuruka wimbo ni ndogo, kwa sababu hadithi huwa imesimama mlangoni ikingoja wimbo uishe. Viswanath hakujenga hivyo. Kwake yeye wimbo ndio unaosimulia, na mazungumzo ndiyo yanayongoja mlangoni.

Ngoja nikurudishie kilichokatwa. Balu, ambaye Kamal Haasan ndiye aliyemwigiza, ni kijana maskini aliyejifunza ngoma za jadi tatu, yaani Kuchipudi, Bharatanatyam na Kathak, kila moja ikiwa na miguu yake na mikono yake. Kazi hapati, kwa kuwa walio tayari kumlipa wanataka kiuno na yeye anataka kucheza alichofundishwa. Madhavi, msichana wa nyumba yenye uwezo, anakiona kipaji chake na kumtafutia nafasi katika tamasha kubwa la ngoma za jadi. Hapo ndipo penye sehemu ambayo ningemwomba kila mtazamaji aitazame bila kupepesa. Madhavi anamletea Balu kijitabu cha tamasha. Balu anakifungua ukurasa baada ya ukurasa, na katika kila ukurasa anakuta picha ya gwiji anayemheshimu, anafurahi kama mtoto anayehesabu magari barabarani. Kisha anageuza ukurasa mmoja zaidi, anakutana na uso wake mwenyewe. Hakuna hotuba hapo. Ni karatasi, picha, na mtu ambaye hajui aiweke wapi mikono yake.

Na hiyo, ndugu yangu, ndiyo sehemu yote ya umaarufu ambayo Balu anaipata maishani mwake. Siku mbili kabla ya tamasha mama yake anafariki, na jukwaa linampita. Baadaye anagundua kwamba Madhavi, ambaye wamependana, ni mke wa mtu aliyetengana naye. Mapenzi yanaisha kwa heshima, kama nitakavyoeleza chini kwa dada wa Masaka, na miaka inapita. Balu anageuka mlevi anayeandika uhakiki wa ngoma katika gazeti. Siku moja anamshambulia kwa kalamu mcheza ngoma chipukizi aitwaye Sailaja, kumbe ni binti wa Madhavi. Mama, ambaye sasa ni mjane, anapojua hali aliyofikia Balu anamtafuta na kumwomba amfundishe binti yake, na Balu anafia kwenye kiti cha magurudumu akimtazama mwanafunzi wake akishangiliwa.

Ukiisoma hivi utasema sasa umeelewa, lakini hata mimi nimekuletea mifupa tu. Kile ulichokiita "katikati hapana kitu" kimo ndani ya nyimbo. Wimbo uitwao Naada Vinodamu unawaonyesha Balu na Madhavi wakicheza pamoja, naye mtazamaji anaona watu wawili wakijifunza kupumua kwa pigo moja kabla hata wenyewe hawajakubali kwamba kuna jambo. Unafuata wimbo wa usiku, Mounamelanoyi, ambao maneno yake ya kwanza yanauliza kwa nini kunyamaza. Ni wimbo mzima juu ya kimya, nao unaimbwa kwa ajili ya watu wasiothubutu kufungua kinywa. Halafu kuna ule wa kisimani. Balu, akiwa amelewa chakari, anacheza juu ya ukingo wa kisima huku mvua inanyesha, na maneno ya wimbo yanaanza kwa silabi ambazo mwalimu wa ngoma hutamka ili mwanafunzi ashike mapigo: takita, tadimi, takita, tadimi. Mpiga ngoma yeyote wa kwetu anayemfundisha mtoto kwa mdomo kabla ya kumpa fimbo atazitambua mara moja silabi hizo kuwa ni za jamaa yake. VJ akiuruka wimbo huo, kinachobaki ni mlevi kisimani. Ukiusikia, unamwona mtu ambaye kichwa chake kimesahau kila kitu na miguu yake haijasahau hata pigo moja.

Kwa hiyo rudi kibandani, umwombe VJ kwa adabu aizime sauti yake mara tatu tu. Akikataa, angalau mwambie azitafsiri.

*

"Kwa nini mnapenda kuyafanya mambo yawe magumu? Filamu ya Kihindi ni filamu ya Kihindi. Hicho Kitelugu kimetoka wapi?"
Msomaji, Kibuye, Kampala

Kimetoka mahali pakubwa kuliko unavyodhani. Sensa ya India ya mwaka 2011 ilihesabu zaidi ya watu milioni 81 ambao Kitelugu ndicho lugha yao ya kwanza, ilhali sensa yetu ya mwaka 2024 ilituhesabu Uganda nzima milioni 45.9. Wengi wao wanaishi katika majimbo mawili ya kusini, Andhra Pradesh na Telangana, ambayo yalikuwa jimbo moja hadi mwaka 2014. Tena Kitelugu na Kihindi si ndugu: kila kimoja ni cha ukoo wake wa lugha, kama Kilugbara na Kiluganda.

Kosa la kuviita vyote "Kihindi" tumelirithi. Wazazi wetu waliokwenda sinema mjini Kampala kabla ya mwaka 1972, wakati Norman ilikuwa bado ukumbi wa sinema na haijawa kanisa, walionyeshwa zaidi filamu za Bombay, ambazo lugha yake ni Kihindi kweli. Mimi mwenyewe nilinyooshwa miaka ya tisini, mjini Jinja. Mwenye duka mmoja, mzaliwa wa mji huo ambaye wazee wake walitoka Gujarat, alikuwa na kanda ya video ya filamu hii hii, imechakaa hata rangi zimehamia pembeni, haina maandishi ya tafsiri. Nilimwomba anieleze wanasema nini. Akanijibu kwa Kiswahili cha Jinja: "Mimi pia sijui, bwana, hii si lugha yetu." Tukaitazama mara mbili, mimi na yeye, hakuna aliyeelewa neno, na kisha akafunga duka mapema.

Kama ulicheza wimbo wa Naatu Naatu mwaka 2023, ulipopata tuzo ya Oscar, basi umekwisha kuimba Kitelugu bila kujua.

*

"Ninafundisha kikundi cha ngoma katika shule ya msingi. Mwaka huu katika mashindano ya muziki, ngoma na maigizo, mwamuzi mmoja aliandika kwamba watoto wangu 'wanatabasamu zaidi ya wanavyocheza'. Niliumia, na watoto walilia ndani ya basi hadi nyumbani. Baada ya kusoma safu yenu niliitafuta hiyo filamu, na nilipomwona yule mlevi wa gazetini akimdhalilisha binti wa watu nilizima simu kwa hasira. Mhakiki anapata wapi haki ya kumvunja kijana moyo?"
Mwalimu, Mbale

Mwalimu, pole, na poleni ninyi nyote mliokuwa ndani ya basi lile. Lakini uliizima simu mapema mno. Kama ungengoja kidogo ungeona Sailaja akija hadi ofisi ya gazeti kumtafuta aliyemwandika, na yule mtu mchafu, mwenye ndevu na harufu ya pombe, akiinuka kutoka kwenye kiti na kucheza papo hapo, katikati ya meza na makaratasi, ili amwonyeshe kosa lilikuwa wapi. Hasemi "wewe ni mbaya". Anachukua sehemu ile ile aliyoicheza binti, anaicheza upya, na hata mtazamaji asiyejua ngoma za kule anaona kwamba mkono uliopaswa kusema jambo moja ulikuwa umesema jingine.

Jambo hili linahitaji maelezo kidogo. Katika Kuchipudi, ngoma iliyopewa jina la kijiji kimoja cha Andhra Pradesh, mikono ni msamiati. Kila neno la wimbo lina ishara yake ya vidole, na macho hufuata mkono, na uso hufuata macho. Mcheza ngoma anayekosea kidole amekosea neno, kama mghani anayesema "mbuzi" penye "mbuyu" huku akitabasamu vizuri sana. Ghadhabu ya Balu ilihusu maana. Binti alikuwa na uzuri, mavazi, jukwaa na watu wa kumpigia makofi, yaani kila kitu ambacho Balu hakukipata, na alikuwa akivitumia kufunika mahali ambapo maana haikuwepo.

Hata hivyo sitaki kumfanya Balu malaika. Mhakiki ambaye hakupata jukwaa huandika kwa wino uliochanganywa na nyongo, na filamu inalijua hilo: haituonyeshi hata mara moja kwamba ulevi wake ni sehemu ya hekima yake. Tena inamwadhibu kwa namna ambayo naipenda. Yule aliyekosoa analazimishwa kufundisha. Madhavi hamwombi aombe radhi wala aandike makala ya pili. Anampelekea mwanafunzi, kana kwamba anamwambia, haya, uliyeona kosa, lirekebishe kwa mikono yako.

Ushauri wangu, Mwalimu, ni huo huo. Mwamuzi yule mwandikie barua ya heshima, mwalike shuleni siku ya mazoezi, na watoto wakishakaa chini umwombe avue viatu aonyeshe. Akiweza, mtapata mwalimu wa bure. Asipoweza, watoto watajua wenyewe. Na baina yangu nawe, hao wanao walikuwa wanatabasamu kwa sababu wamefundishwa kutabasamu. Wewe ndiwe ujuaye kama miguu ilifundishwa kwa saa nyingi kama midomo.

*

"Mimi nilianza sanaa kwa karioki, nikifuatisha midomo ya wanamuziki wakubwa katika baa za Jinja, na hadi leo watu hunitania kwamba nilikuwa mwizi wa sauti. Sasa nasikia kwamba waigizaji wa India nao hawaimbi, ila hufuatisha midomo tu. Ikiwa ni hivyo, kwa nini wao ni nyota na mimi nilikuwa mwizi?"
Msanii, Jinja

Swali zuri, na lina uchungu ndani yake. Ni kweli, kwa kawaida hawaimbi. Sauti ya Balu ni ya S. P. Balasubrahmanyam, na Kamal Haasan, ambaye kucheza alicheza mwenyewe kwa kuwa ngoma za jadi alizisomea, aliyafuatisha maneno kwa midomo kama ulivyokuwa ukifanya wewe. Tofauti iko kwenye jina. Kule mwimbaji hutajwa. Jina lake huandikwa kwenye bango, sauti yake hujulikana hata na mchuuzi wa ndizi, na serikali humpa tuzo yake mbali na ya mwigizaji. Kwa filamu hii Balasubrahmanyam alipewa tuzo ya taifa ya mwimbaji bora wa kiume, na Ilaiyaraaja, aliyetunga muziki, akapewa ya mtunzi bora, na hakuna aliyeona ajabu kwamba mwenye uso na mwenye sauti ni watu wawili. Balasubrahmanyam alipofariki mwezi Septemba mwaka 2020, alizikwa kwa heshima za polisi. Wewe na wenzako mlikuwa mkiazima sauti ya mtu ambaye hakuwa na habari, na jina lake halikutajwa isipokuwa pale kanda ilipokwama. Lakini mwizi? Hapana. Watu walilipa kuona miguu yenu, na miguu ilikuwa yenu.

Kuna jambo jingine litakalokuchekesha. Huyo Sailaja, binti anayecheza ngoma, aliigizwa na S. P. Sailaja, ambaye ni mwimbaji kwa kazi yake na ni dada mdogo wa Balasubrahmanyam. Kwa hiyo pale mwisho, Balu akiwa kitini na mwanafunzi jukwaani, sauti zinazopishana katika ule wimbo wa Vedam Anuvanuvuna ni za kaka na dada, mmoja akiwa amejificha nyuma ya uso wa mwigizaji, mwingine akionekana waziwazi lakini akifanya kazi ambayo si yake.

Viswanath alikuwa na mkono huo wa kuwapa watu kazi isiyo yao. Miaka mitatu kabla yake, katika Sankarabharanam ya mwaka 1980, hadithi ya gwiji wa muziki wa jadi anayesahauliwa watu wanapohamia kwenye muziki wa mtindo wa kizungu, nafasi ya gwiji huyo hakumpa nyota yeyote. Alimpa J. V. Somayajulu, ofisa wa serikali aliyekuwa akiigiza katika michezo ya jukwaani. Na aliyeimba ragi zote zile nzito, yaani mitindo ya sauti ya muziki wa jadi wa India, alikuwa Balasubrahmanyam huyo huyo, ambaye muziki wa jadi hakuwa ameusomea rasmi. Alipata tuzo ya taifa. Wale wanaokutania uwaambie hivyo.

*

"Mimi nimeitazama yote, pamoja na nyimbo, na nimekasirika kweli kweli. Mume wa Madhavi anarudi, tena kwa hiari yake anataka kuwaunganisha wapenzi wale wawili, na Balu anakataa! Ati anaiheshimu ndoa. Ndoa ipi? Amemwacha mwanamke na mtu asiyempenda, yeye akaenda kunywa. Wahenga walisema ngoma ivumayo haidumu, lakini hii yake haikuvuma wala haikudumu. Mapenzi gani haya?"
Dada yenu, Masaka

Dada, nakubaliana nawe zaidi ya nusu, na nusu iliyobaki nitajaribu kuitetea kwa shida.

Utetezi kwanza. Hadhira ya Kitelugu ya mwaka 1983 ilikuwa imelelewa katika imani kwamba fundo la ndoa halifunguliwi na binadamu, na shujaa ambaye angeondoka na mke wa mtu, hata kwa ridhaa ya mumewe, asingebaki shujaa machoni pao. Viswanath alikuwa akiwasemesha hao. Tena Balu ni mtu ambaye ameonyeshwa tangu mwanzo kuwa hawezi kupokea kitu kwa njia ya mkato: hakuweza kucheza ngoma ya kiuno ili apate mshahara, na hawezi kupokea mke kwa mkono wa mume. Ni ugonjwa mmoja.

Lakini ninapoitazama sehemu hiyo upya kinachonisumbua si kukataa kwake. Kinachonisumbua ni kwamba wanaume wawili wanapeana mwanamke kwa heshima kubwa, kila mmoja akimsukumia mwenzake kama wageni wanaogombea nani atangulie mlangoni, naye mwenyewe amesimama pale. Hakuna anayemgeukia Madhavi na kumuuliza. Yule aliyeweka picha ya Balu katika kijitabu, aliyemtoa gizani, anageuka mzigo unaojadiliwa. Kama hapo ndipo hasira yako ilipo, basi niweke upande wako.

Hata hivyo naona kwamba mwongozaji naye alilijua deni hilo, maana nusu ya mwisho ya filamu amemwachia Madhavi ailipe. Kumbuka alama nyekundu ya paji la uso. Mwanamke wa Kihindu mwenye mume huipaka, na kwa mila za wakati ule mjane huiacha. Madhavi ni mjane, lakini anapokwenda kumtafuta Balu anaipaka, ili Balu aendelee kuamini kwamba ile ndoa aliyoiokoa kwa kujinyima ingali hai. Anamtunzia sadaka yake. Sasa rudi kisimani, kwenye mvua. Balu amelewa, yuko kwenye ukingo, hatua moja tu atumbukie, na Madhavi anakuja mbio. Maji yanaanza kushuka kwenye paji lake la uso. Na mlevi huyo, ambaye dakika moja iliyopita hakujali kama ataishi au atakufa, anasimama, ananyoosha mkono na kuufunika ile alama kama mwavuli, mvua isiifute. Anailinda alama ya mume aliyekwisha kufa, kwa ajili ya mwanamke anayeipaka ili kumlinda yeye. Wote wawili wanadanganyana na wote wawili wana mvua machoni. Sijui filamu nyingine iliyosema mengi kiasi hicho kwa kiganja kimoja.

Je, hayo ni mapenzi? Mimi ninayaita mapenzi yaliyochelewa, na sikuahidi kwamba yatakupendeza. Lakini ulipouliza kuhusu ngoma isiyovuma, ulitaja jambo ambalo wengi hawalioni. Filamu nyingi kuhusu umaarufu hutuonyesha mtu akipanda, akilewa sifa, akianguka. Balu hakupanda. Anguko lake halina urefu, ndiyo maana haliwezi kuvutia magazeti. Mtu mmoja tu ndiye aliyejua urefu ambao angeufikia, na mtu huyo alikuwa Madhavi, na pale mwisho, Balu anapofia kitini huku ukumbi unampigia makofi Sailaja, rafiki yake Raghu anamsukuma nje kimya kimya ili onyesho lisikatike. Nje mvua inanyesha tena. Madhavi anatoka, anawafuata, anafungua mwavuli juu ya kichwa cha mtu ambaye mvua haimdhuru tena. Kule kisimani alikuwa amefunikwa yeye. Huenda ulikwisha kuizima ulipofika hapo, kwa hasira. Ikiwa ni hivyo, dada, itazame tena dakika hizo tano, kisha uniandikie unitukane.

*

"Njuga wanazofunga miguuni katika filamu hiyo zinafanana na binyege zetu za Tooro. Je, ni kitu kimoja? Na sisi tusio na kibanda cha maana tutaiona wapi?"
Kijana, Fort Portal

Ni majirani kwa kazi, si kwa asili. Zao ni kengele ndogo ndogo za shaba zilizopangwa kwenye kamba au ngozi na kufungwa juu ya kifundo cha mguu. Zenu za ngoma ya runyege, kama unavyojua kuliko mimi, ni maganda makavu ya matunda yenye mbegu ndani, na hutoa mchakacho, hazitoi mlio wa kengele. Tena kwenu ni wanaume wanaozivaa ili wasikike na wasichana, ilhali katika Kuchipudi huvaliwa na wote, ingawa kwa karne nyingi ngoma hiyo ilichezwa na wanaume peke yao, hata zile nafasi za kike. Katika toleo la Kitamil filamu ilipewa jina la Salangai Oli, maana yake sauti ya njuga, na mimi naona jina hilo linaifaa kuliko lile la asili linalohusu makutano na bahari.

Kuhusu kuiona: inapatikana kwenye intaneti ikiwa na maandishi ya tafsiri ya Kiingereza. Inazidi saa mbili, kwa hiyo nunua bando la kutosha, chaji simu usiku umeme ukiwapo, na uvae visikizi, kwa sababu spika ya simu huzila njuga zote ukabaki unasikia filimbi tu.